Siku Kumi na Nne Bila Kidonge

Kalemie, tarehe 4 mwezi wa sita 2024

Chancelle, mwanangu,

Pokea salamu zenye vumbi la saruji, maana huku hata salamu zinatoka na vumbi. Natumaini wewe mzima, na magoti ya bibi yako yamepata nafuu. Mimi mzima upande mmoja. Upande wa tumbo, hapana.

Simu yangu iliingia ziwani nilipoinama kupokea gunia. Ya kapita, msimamizi wetu, naweza kuazima, lakini ukiongea kwenye simu ya kapita unaongea na bandari nzima. Ndiyo maana naandika na kumpa Casimir wa boti. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne. Vumilia.

Vile vidonge vya rangi mbili ulivyonitumia mwezi wa nne vimenisaidia. Nameza kimoja kila asubuhi kabla ya kazi, siku mbaya naongeza cha jioni. Vilipoisha nikapata vingine sokoni, aina ile ile. Nikimeza, moto unapungua, nabeba. Nikisahau, saa nne asubuhi nimejikunja juu ya magunia kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Wiki jana Dieumerci, kapita wetu sisi wabebaji kumi na wanne, alinipeleka mwenyewe kituo cha afya nipimwe ile bakteria ya vidonda vya tumbo. Alisema hataki mtu aanguke na gunia lake. Wakachukua choo. Karatasi ikatoka: hakuna bakteria. Dieumerci aliisoma kwa sauti mbele ya ekipi yote, kundi letu zima, akaikunja, akasema: "Hakuna bakteria. Basi kuna muntu."

Unajua maana yake. Ukiumwa tumbo miaka mingi na hospitali ikakosa ugonjwa, umelishwa sumu, basi. Na anayetulisha sisi ni mmoja tu, Mama Aisha, yule mjane wa zile familia za zamani za Kiislamu. Mwaka wa saba huu anatupikia chini ya bati karibu na mizani. Mimi ananipakulia mwisho, na samaki ananitolea miiba, kwa sababu anajua ninaumwa. Sasa wanauliza kwa nini sahani ya Isidore inatengwa peke yake.

Ekipi imeamua nipelekwe kwa mzee wa kutapisha, ng'ambo ya mto Lukuga, ninywe majani yake mbele ya wote. Kikitoka kitu cheusi, wanasema ndiyo sumu yenyewe, Mama Aisha aondoke bandarini. Kuondoka ni neno la adabu tu. Mwaka juzi mwanamke mwingine aliyeuza chikwangue, ule mkate wa muhogo, "aliondoka" hivyo hivyo, na usiku ule paa lake likatiwa moto. Mimi nilikuwa hapo walipomzunguka. Sikusema neno.

Nikuambie ukweli, mwanangu. Tangu juzi na mimi sili kwake. Ninamwangalia mkono anapopakua. Wewe unafanya kazi labo, mnapima magonjwa. Kuna sumu ambayo karatasi haiioni? Nijibu kwa boti ya kwanza.

Papa yako,
Isidore


Baraka, tarehe 8 mwezi wa sita 2024

Papa mpendwa,

Barua hii ikukute umekaa, si umejikunja. Sisi wazima. Bibi anasema magoti ni yake na tumbo ni lako, kila mtu atunze lake, lakini alipokwisha kusema hivyo akaenda chumbani kukuombea, nilimsikia.

Barua yako niliisoma labo kwa sauti, mbele ya Papa Twahiri, mkuu wetu. Hakungoja nimalize. Akauliza: "Siku ya kipimo alikuwa amemeza kidonge?" Nikasema anameza kila siku, mimi ndiye niliyemtumia. Akavua miwani. "Basi hiyo karatasi wafungie karanga."

Nakueleza kama alivyonieleza. Bakteria hii inaishi tumboni, ndani ya tindikali ambayo ingeua kiumbe kingine. Inaweza kwa sababu ina kimeng'enya chake, kinaitwa urease. Kimeng'enya ni kama fundi mdogo ndani ya kiumbe, kazi yake kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Fundi huyu anachukua urea iliyomo mwilini mwetu na kuigeuza amonia, na amonia inapoza tindikali kuizunguka ile bakteria. Hiyo amonia njo nyumba yake, ndiyo kinga yake.

Sasa dawa yako. Mimi nilijua inapunguza tindikali ya tumbo, nikadhani inaishia hapo. Kumbe inaigusa na bakteria yenyewe. Inamkamata yule fundi asifanye kazi vizuri, na inazuia bakteria isiongezeke. Haiiui, Papa. Inapungua, inanyamaza. Kipimo kinachotafuta bakteria, kiwe cha pumzi au cha choo, kinakuta chache mno, kinasema hakuna. Ukiacha vidonge, zinarudi na kuongezeka.

Kwa hiyo acha vidonge vya rangi mbili siku kumi na nne kamili. Wala usimeze dawa yoyote ya kuua bakteria. Vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vya kupoza tindikali kwa muda, unaweza, ila si siku ya mwisho kabla ya kipimo. Kisha upimwe tena. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukatapika damu, acha yote na kimbia hospitali, usingoje siku kutimia. Na majani ya kutapisha usiyanywe kabisa. Tumbo lenye kidonda likilazimishwa linaweza kuchanika.

Siwezi kukuapia kwamba bakteria unayo. Ninachoapa ni kwamba karatasi ya kwanza haijui lolote, na Mama wa watu yuko karibu kufukuzwa kwa ajili yake. Kosa lilianzia kwangu. Nilitia vidonge ndani ya bahasha bila kukuandikia hata mstari mmoja.

Mtoto wako,
Chancelle


Kalemie, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Mwanangu,

Nakusalimu, na bibi yako, na huyo Papa Twahiri ambaye sijamwona lakini nimempenda. Barua ilinifikia tarehe 12. Tangu Alhamisi tarehe 13 sijameza kidonge. Leo ni siku ya nne. Afya yangu nitakwambia baadaye kidogo, kwanza nikueleze mambo.

Ijumaa, kabla ya boti kufunga kamba, niliwaambia wote. Nilisema siendi ng'ambo ya Lukuga, sinywi majani ya mtu, na karatasi ile ilidanganywa na kidonge. Wakacheka. Jean-Marie, jirani yangu wa kulala, akasema: "Isidore, karatasi inadanganywa namna gani? Karatasi ina mke?" Nikajaribu kueleza habari ya fundi na amonia. Wewe uliandika vizuri, mimi nilieleza vibaya. Katikati fundi akageuka dereva, sijui alipandaje gari.

Dieumerci hakucheka. Akasema: "Mutoto wako wa kike yuko Baraka. Sisi tuko hapa. Nani anakuona ukianguka?"

Nikamjibu: "Wewe unaniona. Na mwaka juzi, kwa yule mama wa chikwangue, mimi nilikuona wewe."

Sikujua kama nitasema hivyo. Lilitoka.

Mchana nikaenda chini ya bati. Siku hizo watu watatu tu walikuwa bado wanakula pale. Mama Aisha alikuwa anapunga moto, hakuinua kichwa.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Kufa?"

"Kula."

"Siku zote hizo ulikula wapi?"

"Biskuti. Nilikuogopa, Mama."

"Najua. Ulikuwa unaangalia mkono wangu kana kwamba una vidole saba." Akanipakulia ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaweka mbele yangu. Kabla sijagusa, akamega tonge kwenye sahani yangu, akachovya, akatafuna polepole, akameza. Kisha akasimama, akageukia mizani ambako wote walikuwa wanatazama, akafungua kinywa wazi kabisa. "Haya! Nani mwingine anataka kuhesabu meno yangu? Njooni! Dieumerci, wewe unayepima kila kitu, njoo pima na huu ulimi!"

Nilikula nikamaliza, mwanangu. Nilifuta sahani.

Sasa afya. Nusu saa baadaye nilikuwa nyuma ya magunia, jasho linanitoka kama nimetolewa majini. Kidonge hakipo, moto umerudi wote. Ndiyo shida yenyewe. Nikila kwake ninaonekana nikiumia. Kadiri ninavyomtetea ndivyo ninavyowapa ushahidi. Walisimama pale wananitazama, na mmoja akasema taratibu, "Si mmeona?"

Nitaendelea. Mchana nakula kwake, mbele yao, kila siku.

Papa yako mkaidi,
Isidore


Baraka, tarehe 19 mwezi wa sita 2024

Papa,

Salamu, na pole, na sasa niseme bila kuzunguka.

Usile pale mbele ya watu! Kula kidogo kidogo nyumbani, uji, viazi, usiache tumbo tupu siku nzima. Ukijikunja mbele yao unamchimbia Mama Aisha shimo. Papa Twahiri naye anasema hivyo. Siku kumi na nne zikipita utarudi kwake na karatasi mkononi. Kwa nini unataka kushinda kabla ya siku?

Na gunia punguza. Umri wako ni miaka hamsini na mmoja, si ishirini.

Niambie kuhusu choo. Usione haya, mimi kazi yangu ni hiyo.

Mtoto wako anayeogopa,
Chancelle


Kalemie, tarehe 24 mwezi wa sita 2024

Chancelle,

Nakusalimu. Choo ni cha kawaida, si cheusi, naangalia kila asubuhi kama ulivyosema. Mengine si mazuri. Ni siku ya kumi na mbili. Mwandiko unatetemeka kwa sababu nimeandika nikiwa nimelala ubavu.

Uliniambia nisile kule. Nilikusikia. Lakini fikiri na wewe. Siku niliyoacha kula kwake ndiyo siku watu wengine waliacha. Mgonjwa mwenyewe akimkimbia mpishi, karatasi gani itamrudisha? Nilikaa pale.

Jumamosi walimwaga chakula. Nilikuwa nimekula nusu, maumivu yakanishika mabaya kuliko siku zote, nikateleza kutoka kwenye benchi mpaka chini. Nikasikia mtu anapiga kelele "Anakufa!" na miguu mingi. Walipindua sufuria ya maharage, wakapindua na ya samaki, wakang'oa bati. Mama Aisha alisimama katikati na mwiko wake. Hakukimbia. Alisema tu: "Maharage yamewakosea nini?"

Niliinuka kwa magoti. Nilitambaa, mwanangu, mbele ya watu ninaobeba nao miaka tisa, nikaokota samaki mmoja mchangani, nikampangusa kwa shati, nikamla. Nikawaambia mdomo ukiwa umejaa: "Kama ni sumu, leo nitakufa. Ngojeni hapa mnizike." Wakangoja. Jua likazama. Sikufa. Wakaenda kulala.

Jean-Marie alinibeba mpaka chumbani. Aliweka mkononi mwangu kidonge cha rangi mbili, alikitoa sijui wapi. "Meza kimoja tu, nani atajua?" Nikamwambia bakteria itajua. Akanitazama kama mtu aliyepoteza akili, lakini akakirudisha mfukoni.

Dieumerci ametoa siku. Jumamosi hii tarehe 29 nilete karatasi nyingine. Kama haina bakteria, Mama Aisha asionekane tena bandarini, na mimi niende naye. Yeye sasa yuko nyumbani kwake, mlango umefungwa, vijana wanapita wakigonga bati. Nilimtumia salamu. Alijibu kwamba yeye amezaliwa Kalemie, na baba yake amezaliwa Kalemie, hao wanaogonga waulizwe wao walifika kwa boti gani.

Ijumaa napimwa. Ninaogopa jambo moja tu. Itakuwaje kama kweli sina?

Sitameza.

Papa yako,
Isidore


Baraka, tarehe 3 mwezi wa saba 2024

Papa yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Casimir alifika jana, upepo wa kusini ulimzuia siku tano, na alikuwa na barua yako ya tarehe 24 tu, nyingine hakuna. Nilimuuliza mara tatu. Alisema tarehe 29 alikuwa amekwisha kuondoka Kalemie, siku anaondoka aliona watu wengi tu kwenye mizani, hajui walikuwa wanafanya nini.

Tarehe 30, siku ya uhuru, hapa watu waliandamana na kucheza, mimi nilikaa labo peke yangu. Nimepiga simu ya kapita wako mara sita. Haipokelewi.

Uliuliza itakuwaje kama huna. Sikukujibu kwa sababu barua yako ilichelewa kunifikia. Ninakujibu sasa. Kama huna, tutatafuta ugonjwa mwingine, na tutautafuta ndani ya tumbo lako, si ndani ya sufuria ya mtu.

Niandikie hata neno moja. Andika "nipo". Nitajua mwandiko.

Chancelle wako


Kalemie, tarehe 10 mwezi wa saba 2024

Chancelle, mwanangu,

Nipo.

Pokea salamu nyingi, umpe bibi yako nusu. Nisamehe kimya. Tangu siku ile mpaka juzi Casimir hakuonekana huku, na simu ya Dieumerci haipokei mtu mwenye jina langu.

Sasa sikia. Ijumaa tarehe 28 nilikwenda kituo cha afya peke yangu. Aliyenipima ni yule yule wa kwanza. Nikamweleza siku kumi na nne. Akakasirika: "Kwa nini mara ya kwanza hukuniambia unameza omeprazoli?" Nikamwambia: "Kwa nini hukuniuliza?" Tukatazamana. Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Akachukua choo, akaniambia nikae. Baadaye akanionyesha kile kipimo chenyewe, mistari miwili, wa pili umekolea. Bakteria ipo! Mwanangu, sijawahi kufurahia ugonjwa, lakini nilimshika mkono yule bwana nikautikisa mpaka akaomba nimwachie.

Wamenipa dawa mbili za kuua bakteria, na juu yake kidonge kile kile cha rangi mbili. Nilikikataa. Nikasema huyu ndiye mwongo wangu. Akanieleza kwamba sasa kinafanya kazi upande wetu. Kinabana bakteria, kinatuliza tindikali, na zile mbili zinaua. Peke yake kinanyamazisha tu. Nikameza. Nimebakiza siku moja, na mwezi ujao nitapimwa tena kuona kama zimekwisha, safari hii najua mwenyewe la kuacha kabla.

Jumamosi walikuwepo wote kwenye mizani. Nilimwomba Jean-Marie asome, wasiseme nimebuni. Akasoma karatasi ya kwanza na tarehe, kisha ya pili na tarehe. Dieumerci akasikiliza mikono kiunoni.

"Sawa," akasema. "Bakteria iko. Imeingia kupitia chakula. Chakula njo cha nani?"

Watu wakaanza kunung'unika, na nikaona inaanza upya. Nikasema: "Mimi tumbo hili nilitoka nalo kwetu, kabla sijamjua Mama Aisha. Na ninyi je? Nani hapa anameza kidonge cha rangi mbili?"

Nikamgeukia jirani yangu.

"Jean-Marie, uliniletea kimoja. Ulikitoa wapi?"

Jean-Marie akakuna shingo. Akasema: "Kwa kapita."

Chancelle, ungekuwepo. Dieumerci alishika mfuko wa shati lake kama mtu aliyeng'atwa na nyuki, na karatasi ya vidonge ikalia ndani, kila mtu akaisikia. Mmoja nyuma akasema, "Kapita, na wewe umelishwa?" Mwingine akasema, "Hapana, usiku yeye hula kwake nyumbani, basi ni mke wake!" Kicheko kilikuwa kikubwa mpaka wa boti wakatoka kuangalia. Kisha mmoja akasema yeye anameza tangu mwaka jana. Mwingine pia. Tulihesabu sita kati ya kumi na wanne. Niliwaambia ulivyonifundisha, dawa hiyo si ya kumeza miaka bila kupimwa, na kabla ya kupimwa kuna kuacha. Safari hii fundi hakupanda gari. Walisikiliza.

Dieumerci akasema kila mtu ale anapotaka, akaondoka. Hakuomba radhi. Kwake hilo ni gunia ambalo halibebeki.

Nilidhani imekwisha. Nikaenda na Jean-Marie kumgongea Mama Aisha, tukamwambia arudi, tumerudisha bati. Hakufurahi kama nilivyofikiri. Akasema: "Nitarudi Jumatatu. Lakini asiyekuja kwangu kwanza kuniambia kwa mdomo wake, 'Mama, nilisema wewe unalisha watu sumu', hatakula. Si kuomba radhi. Radhi abaki nayo. Aseme tu alichosema, aniangalie."

Mimi nilikuwa wa kwanza, pale pale mlangoni. Nilimwambia: "Mama, sikusema, lakini nilifikiri." Akasema: "Hilo ni baya zaidi. Kaa ule."

Jumatatu wakapanga mstari chini ya bati, wanaume wazima, kofia mikononi. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, Mama Aisha akamwambia rudia, wa nyuma hawajasikia. Walisema wote, isipokuwa mmoja.

Dieumerci anakula biskuti, siku ya kumi sasa, ameketi kwenye mizani, na harufu ya samaki inamfikia vizuri. Jana alimtuma Jean-Marie na sahani yake, ile ya bluu yenye kifuniko, aseme ni ya mtu mwingine. Mama Aisha aliipokea. Akaiosha ndani na nje, akaikausha kwa kitambaa, akaifunika vizuri ikiwa tupu, akamrudishia Jean-Marie mikononi.

"Mpelekee. Mwambie sahani imefika. Yeye bado."

Papa yako,
Isidore